Kipimo Kilichoizoea Sumu

Ukitoka Goma kwenda Sake kwa barabara inayofuata ufuo wa Ziwa Kivu, unakanyaga lava iliyopoa karibu njia nzima. Nyiragongo na Nyamulagira ndizo zilizoimwaga, mlipuko juu ya mlipuko, na chini yake gesi haijaacha kupanda. Hupenya kwenye nyufa ikatokea mabondeni na mashimoni, Mugunga, Bulengo, na pembezoni mwa ziwa dogo liitwalo Lac Vert. Ni hewa ukaa, ile ile tunayoitoa puani, ila huko hutoka kwa wingi wa kuua. Wenyeji huiita mazuku. Haina rangi wala harufu, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu, hulala chini. Mchana jua na upepo huitawanya. Usiku hewa inapotulia hujikusanya tena, na alfajiri ndiyo saa yake mbaya. Anayepita mapema hukuta ndege, mijusi, wakati mwingine mbuzi, wamekufa bila jeraha.

Kisa ninachotaka kukisimulia nimekitunga, na watu wake hawapo. Mahali pake papo, gesi yake ipo, na kila kosa lililomo ndani yake linaweza kufanywa leo na mtu yeyote mwenye dola 20 na nia njema. Nia njema naitaja makusudi, kwa sababu fundi wa kisa hiki hakuwa tapeli wala mzembe.

Mama mmoja alinunua kiwanja upande huo wa mji. Kilikuwa rahisi, na mji ulikuwa umejaa watu waliokimbia vita, kila mmoja akitafuta pa kuweka kichwa. Akajenga nyumba ya mbao juu ya lava, na nyuma yake kukawa na chumba cha chini, ngazi tatu za mawe kushuka, ambamo aliweka magunia ya makaa na kulaza mbuzi wake. Majirani walimwonya. Mzee mmoja alimshauri ashuke na kibatari kila asubuhi, mwali ukizimika asiingie. Mama hakutaka kuishi kwa kutegemea kibatari, akamwita fundi wa simu wa mtaani.

"Fundi, nataka chombo cha kunipigia kelele gesi ikija."

"Mama, vipo. Nipe muda kidogo nikuagizie."

Cha kwanza kilichofika fundi alikikataa mwenyewe, na hapo alistahili sifa. Kilikuwa kijisanduku cheupe chenye maandishi ya CO2, yaani hewa ukaa, usoni na bei ya kuvutia. Alipokiwasha dukani kilisoma vizuri, mpaka jirani alipoingia na kikombe cha pombe ya kasiksi mkononi. Nambari ikapanda maradufu, na jirani alipotoka ikashuka. Fundi akakifungua, akakuta ndani kidude cha kunusa mvuke wa pombe, rangi, petroli na marashi, kisha programu hukisia kutokana na mvuke huo kwamba labda pana watu, na kama pana watu labda pana hewa ukaa kiasi fulani. Hewa ukaa yenyewe chombo hakikuigusa kabisa. Vitu hivi vimezagaa duniani. Mwaka 2021 watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Tokyo walinunua vipimo vya bei rahisi mtandaoni, wakakuta kadhaa vinashtuliwa na dawa ya kusafishia mikono yenye alkoholi kuliko gesi iliyoandikwa usoni pao. Mwezi Novemba mwaka huo wizara ya uchumi ya Japani ikatoa mwongozo wa kuwataka watu wachague vipimo vinavyotumia mwanga.

Fundi akaagiza cha mwanga, kile cha infraredi.

Hapa inafaa tukitazame chombo chenyewe, maana ni kazi nzuri ya mikono ya binadamu na sitaki kisa changu kimkimbize mtu. Ukikishika kiganjani ni kidogo kuliko kisanduku cha kiberiti. Ndani mna taa ndogo, kijumba chembamba cha kupitisha hewa, ambacho mara nyingi kuta zake zimepakwa dhahabu ili zirudishe mwanga, na upande wa pili jicho la kuupokea. Taa inatoa miale ya joto ambayo macho yetu hayaioni. Hewa ukaa humeza miale hiyo, hasa ile yenye urefu wa mawimbi wa takriban maikromita 4.26. Mbele ya jicho kuna kichujio kinachopitisha miale ya eneo hilo tu. Gesi ikiongezeka ndani ya kijumba, mwanga unaofika jichoni unapungua, na hesabu inafanywa kutokana na upungufu huo. Jambo hili lina historia ndefu. John Tyndall alilionyesha London mwaka 1859 alipopima jinsi gesi mbalimbali zinavyonyonya joto. Charles David Keeling alilitumia Machi 1958 juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, kipimo chake kikasoma sehemu 313 za hewa ukaa katika kila milioni ya hewa. Leo mlima ule ule unasoma zaidi ya 420. Chombo cha Keeling kilikuwa mtambo wa maabara. Kwamba kanuni hiyo hiyo sasa inauzwa kwa takriban dola 20 hadi 50, ikafika hadi kwenye meza ya fundi wa Goma, ni neema kubwa.

Fundi akakifunga kwenye ukuta wa chumba cha chini, usawa wa macho, ili Mama aisome nambari bila kuinama. King'ora akakipanga kilie kwenye 5,000, kwa sababu alikuwa amesoma kwamba hicho ndicho kiwango kinachoruhusiwa viwandani kwa zamu ya saa nane. Akawasha. Kilisoma 1,600.

Mama akashtuka. Nje si ni mia nne na kitu?

"Tulia, Mama. Ni kipya. Kiache kikae siku chache, kitatulia chenyewe."

Na kweli kilitulia. Kesho yake 1,300. Keshokutwa chini ya 1,000. Juma halikuisha, mchana kikawa kinasoma 410, 405, 400. Mama alifurahi, akawaita majirani waone. Mzee wa kibatari akaonekana mtu wa zamani. Mpwa wake Mama, kijana aliyekuja mjini kutafuta kazi ya kusukuma chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, akaruhusiwa kuhifadhi vitu vyake chumbani humo.

Nataka tusimame hapa, kwenye ile nambari iliyoshuka, kwa sababu ndiyo kiini cha kisa. Hakuna aliyetoboa dirisha chumbani. Hakuna aliyeziba ufa. Gesi iliyokuwemo siku ya kwanza ilikuwemo siku ya saba, kwa kiwango kile kile. Kilichobadilika ni kumbukumbu ya chombo.

Taa ya infraredi huchakaa. Mwanga wake hufifia kidogo kidogo kwa miezi, na chombo hakijui kama jicho linapata mwanga hafifu kwa sababu gesi imeongezeka au kwa sababu taa imezeeka. Vipimo vya bei kubwa hutatua jambo hili kwa kuweka njia ya pili ya mwanga, kwenye urefu wa mawimbi ambao hewa ukaa haiugusi, kisha vinalinganisha. Vingi vya bei rahisi hutumia hila nyepesi zaidi. Programu yao huitazama nambari ya chini kabisa iliyopatikana katika kipindi fulani, kwa vingine saa 24, kwa vingine siku saba au nane, kisha huamua kwamba hiyo ndiyo hewa safi ya nje, na kuipa thamani ya 400. Nambari nyingine zote husogezwa kufuata uamuzi huo. Aliyebuni hila hii alikuwa akiwaza ofisi na darasa. Jioni watu huenda kwao, usiku hewa ya chumba inarudi kuwa kama ya nje, asubuhi chombo kimejisahihisha chenyewe bila kuhitaji fundi. Kwa ofisi ni sawa kabisa.

Chumba cha Mama hakikuwa na jioni ya namna hiyo. Hata mchana, upepo wa ziwa ukivuma, chini ya zile ngazi tatu gesi haikupungua chini ya 1,600. Kila siku chombo kilitafuta hewa safi, kikaikosa, kikachukua hewa iliyokuwa na nafuu kidogo kuliko nyingine na kuiita safi. Mtu aliyezaliwa kwenye moshi ndivyo anavyosema nyumbani kwao hakuna moshi. Yale maneno ya fundi, kitatulia, yalikuwa kweli tupu kuhusu chombo, na uongo mtupu kuhusu chumba. Nadhani hapo ndipo sote tungeanguka. Nambari inayopanda hututia wasiwasi tukauliza. Nambari inayoshuka hatuihoji, tunaishukuru.

Yaliyofuata ni mepesi kusimulia. Usiku mmoja wa kiangazi hapakuwa na upepo hata kidogo. Alfajiri Mama alisikia kimya kutoka chumba cha mbuzi, akamtuma mpwa wake akatazame. Kijana alisimama mlangoni, akaangalia ukutani: 2,300. King'ora hakijalia. Chini sakafuni mbuzi wanne wamelala. Akashuka ngazi, akainama kumshika wa kwanza miguu, na hakuinuka.

Jirani aliyekuja mbio alitaka kushuka papo hapo kumwokoa. Yule mzee wa kibatari ndiye aliyemkamata shati. Wakafunga kitanzi kwenye kamba ya kuanikia nguo, wakaweza kukinasisha kwenye mkono wa kijana kutoka ngazi ya juu, wakamvuta. Alipona, kwa sababu alianguka karibu na mlango na kwa sababu walikuwa wepesi. Mbuzi hawakupona. Katika ajali za gesi ya namna hii, ndani ya visima, mapipa ya kuchachushia pombe na maghala, wanaokufa mara nyingi ni wale walioingia wa pili kumfuata wa kwanza, kwa hiyo mkono ule ulioshika shati uliokoa mtu mmoja zaidi.

Fundi alikuja siku hiyo hiyo. Hakujitetea. Alikichomoa chombo ukutani na betri yake, akakipeleka ufuoni adhuhuri, upepo ukivuma kutoka ziwani, akakiacha kikae dakika ishirini. Nambari ikashuka kupita 400, ikapita 300, ikasimama karibu na 150. Hewa ya namna hiyo haipatikani popote duniani leo, Goma, Hawaii wala Ncha ya Kusini. Chombo kilikuwa kimekiri. Jaribio hili halina gharama, na ningependa kila mwenye kipimo cha namna hii alifanye leo kabla jua halijatua: kitoe nje, mbali na watu na barabara, kiache kitulie, usome. Kikiandika nambari iliyo chini sana ya 400, ndani kilikuwa kinakudanganya kwa kiasi hicho hicho au zaidi. Tahadhari moja: vingine vimefungwa na kiwanda visiandike chini ya 400 hata iweje. Hivyo huwezi kuvibaini kwa njia hii, na mahali kama Mugunga havifai.

Kosa la pili lilikuwa urefu. Fundi alifunga usawa wa macho yake, lakini mazuku hukaa usawa wa pua ya mbuzi. Karibu na Naples, Italia, kuna pango dogo lililovutia wasafiri kwa karne kadhaa, Grotta del Cane, ambako mwenyeji aliingia na mbwa wake. Mbwa akazimia, bwana wake akabaki amesimama mzima, tofauti ya kimo tu. Katika chumba cha Mama hewa ya ukutani ilikuwa na sehemu elfu kadhaa kwa milioni, ambazo chombo kilichopotoka kilizisoma kuwa 2,300. Sakafuni hesabu ilishaacha kuwa ya maelfu, ilikuwa ya asilimia. Asilimia nne, yaani 40,000, ndicho kiwango ambacho taasisi ya usalama kazini ya Marekani hukihesabu kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Kuanzia asilimia saba hadi kumi mtu anaweza kupoteza fahamu kwa dakika chache.

Na hapo kibatari nacho kisitukuzwe kupita kiasi, japo mzee alikuwa na haki ya kutumaini macho yake kuliko ukuta. Mwali unaweza kuendelea kuwaka katika hewa ukaa ya asilimia kumi hivi. Ukizimika, aliyeushika amekwisha kuchelewa.

Kuna jambo la tatu, dogo kwa sura, ambalo fundi aligundua akisoma karatasi iliyokuja na chombo. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa huko ni kama asilimia 85 ya lile la pwani, kwa hiyo ndani ya kijumba cha chombo chembe za gesi ni chache hata kama uwiano ni ule ule. Kipimo kilichopangwa kwa usawa wa bahari kitasoma pungufu kwa asilimia 15 hivi. Penye 5,000 kitaandika takriban 4,250, na king'ora kitanyamaza. Vihisi kadhaa vinakubali kuambiwa kimo cha mahali. Fundi hakukiambia. Ni nani kati yetu angekumbuka?

Na kikomo. Vihisi vingi vya bei hii vimetengenezwa kusoma hadi 5,000, au 10,000. Kihisi kikifika hapo hakisemi gesi ni kiasi gani. Kinasema macho yangu yameishia hapa. Kwa kile cha 5,000, hewa inaweza kuwa na 6,000 au 300,000, nambari ni ile ile. Kama kengele, kinatosha: kikifika kileleni, toka. Kama kipimo cha kumwambia mtu hali bado ni ya wastani, hakifai hata kidogo.

Niongeze onyo moja ambalo halimo katika kisa cha Mama ila limo katika nyumba zetu nyingi. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa huua kwa gesi nyingine, monoksidi ya kaboni. Hiyo humeza miale ya infraredi kwenye urefu tofauti, karibu na maikromita 4.7, na kichujio cha kipimo cha hewa ukaa huizuia kabisa. Mtu anayenunua kihisi cha CO2 ili alale na jiko likiwaka hajanunua ulinzi wowote. Gesi hiyo ina kipimo chake, na jiko lina mahali pake, nje.

Fundi alirudi kwa Mama na kihisi kingine. Safari hii alizima ile hila ya kujisahihisha. Kwa vihisi vingi ni amri moja tu kwenye programu. Akakisawazisha mwenyewe ufuoni, akakiambia kimo cha Goma, akakifunga usawa wa kifundo cha mguu kwenye ngazi ya juu, si ndani, na kuweka king'ora chumba cha kulala, pamoja na betri kwa sababu umeme hukatika. Kilio alikipanga kwenye 2,000, Mama apate kuamka kabla ya hatari na si ndani yake. Kila mwezi fundi anakitoa nje adhuhuri, kwa sababu kihisi kisichojisahihisha kinahitaji mtu wa kukisahihisha. Kazi iliyokuwa ikifanywa na programu imerudi kwake. Mbuzi walihamishiwa juu, na chumba cha chini hakikupata mkaaji tena. Kama ningeulizwa, ningesema hilo la mwisho lilifaa kufanywa siku kilipoandika 1,600, maana siku ile chombo kilisema kweli kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Sasa neno kwa wanaoagiza na kuuza vitu hivi Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Goma, na kwa mashirika yetu ya viwango, TBS ya Tanzania, KEBS ya Kenya na OCC ya Kongo. Vihisi hivi vinakuja na vitazidi kuja, kwa madarasa, vyumba vya kukuzia uyoga, mabanda ya kuku na viwanda vya pombe, na nyingi ya sehemu hizo hazipati hewa safi kila siku, sawa na chumba cha Mama. Wajapani waliandika mwongozo wao ndani ya mwaka ule ule tatizo lilipoonekana. Sisi tuanze na karatasi moja iliyobandikwa juu ya kisanduku: kinapima gesi yenyewe au kinakisia, kinasoma mpaka wapi, kinajisahihisha kila baada ya muda gani, na jinsi ya kukizuia kisifanye hivyo, kimepangwa kwa kimo gani. Na iandikwe kwa Kiswahili, kwa sababu anayekifunga ukutani mara nyingi hawezi kuisoma ile karatasi ya Kiingereza au Kichina iliyokuja nacho.